Ekzosi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Shemeji Gualter amenipigia simu mkahawani kutoka Luxembourg. Amepasuliwa ngiri. Daktari amemkataza kubeba vizito, kucheka sana na kupanda pikipiki. Atakuja na gari kwa sikukuu ya Bikira Maria kama kawaida, lakini safari hii hawezi kumpandisha Mama mlimani. Ameniomba nimpandishe mimi.

Mimi, Belmiro, msoma mita za maji wa kijiji hiki. Mkwe ambaye hajaaminiwa kitu chochote tangu alipotengeneza pampu ya kisima na maji yakatokea jikoni kwa jirani.

Jambo lenyewe si dogo. Gualter alipokuwa mchanga alishikwa na homa, watu wakakata tamaa. Baba yake, marehemu Armindo, akaweka nadhiri: mtoto akipona, yeye na mkewe watapanda kila mwaka hadi kanisa dogo la Bikira wa Ladeira, kwa pikipiki yake, mpaka nguvu ziwaishie. Gualter akapona, akanenepa, akahamia ughaibuni. Armindo alipofariki, mwanawe akashika usukani badala yake na Mama Hermínia akaendelea kukaa nyuma. Nadhiri haijakatika hata mwaka mmoja.

Gualter akasema, "Shemeji, badilisha oili, chaji betri, basi. Usiguse kingine. Umenisikia?"

Kusikia nilisikia. Lakini mwaka jana nilikuwa kwenye kona ya chemchemi, nikaona kwa macho yangu pikipiki ile ikipanda na Mama mgongoni kama punda mwenye mimba. Fausto akawapita na kigari chake cha injini cha kubebea mikate. Akawapungia mkono. Fausto ni mwokaji wa kijiji. Alimposa mke wangu Zulmira kabla yangu, na mpaka leo humletea Mama mkate wa moto kila asubuhi, kana kwamba posa bado inajadiliwa.

Nimewaza. Pikipiki haina ugonjwa, ila inahema kwa tundu moja la pua. Iwekewe ekzosi nyepesi na chujio la hewa la wazi, itapanda kama mbuzi. Kuirekebisha baadaye ni kazi ya sikio, na sikio ninalo. Nilipiga tarumbeta kubwa katika bendi ya kijiji kwa miaka mingi, kabla mkuu wa bendi hajanihamishia kwenye matoazi. Uamuzi wa kisiasa ule.

Jumatano, 5 Agosti

Vitu vimefika kwa basi la kutoka mjini Viseu. Nilivipata kwa tangazo la gazetini. Ekzosi fupi, inang'aa, mdomo mpana. Chujio lenye umbo la pia, halina kasha wala kifuniko, liko uchi tayari kunyonya upepo wa Mungu.

Ekzosi ya zamani haikutaka kutoka. Armindo alikuwa ameitia viraka juu ya viraka hadi huwezi kujua bomba ni lipi na kiraka ni kipi. Nikatumia nyundo. Kasha la hewa nalo lilipasuka mpira wake. Sikusikitika.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na kipaza sauti chake. Nikampa ekzosi kuukuu, akanipa sufuria ya alumini. Zulmira ameifurahia sufuria. Hakuuliza imetoka wapi. Ndoa yetu ina misingi.

Kisha nikapiga kiki. Ngurumo. Paka wa jirani akaruka ukuta na hajarudi. Mama akatoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akasimama mlangoni, akatazama barabarani. Akauliza nani amekuja. Nikamwambia hakuna aliyekuja, Mama, ni pikipiki yenu ile. Akasikiliza kidogo.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hii si yetu."

Akarudi ndani. Nadhani alistaajabu.

Alhamisi, 6 Agosti

Najuta kidogo.

Nimeipeleka mlimani kuijaribu. Tambarare inakwenda vizuri. Ikianza kupanda inakohoa na kusita, kama mzee anayetafuta jina la mtu. Ukivuta mafuta zaidi, ndiyo kwanza inalegea. Ukiachia, inalipua nyuma: pa, pa-pa, pa. Nikageuza. Mteremko mzima ni milipuko.

Na chini, langoni mwa makaburi, Padri Lino alikuwa anamzika Bibi Idalina. Nikazima injini ili nipite kimya kwa heshima. Ikatoa mlipuko wa mwisho, mkubwa kuliko yote, usawa wa jeneza. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyepigana vita vya Angola, alijikuta amelala kifudifudi kwenye nyasi. Alipoinuka akawa anafuta magoti ya suti yake. Nilitaka kushuka nimwombe radhi. Pikipiki ikaendelea kuteremka nami.

Fausto alikuwa mmoja wa wabeba jeneza. Baadaye, mbele ya watu, akaniuliza: "Bwana Belmiro, ile ni pikipiki au unakaanga bisi?"

Watu walicheka msibani. Hata Padri aligeuka kutazama ukuta.

Jumamosi, 8 Agosti

Fundi wetu wa pekee, Adérito, amefunga karakana na kwenda baharini. Agosti yote. Mkewe ameacha namba ya baa iliyo karibu na hema lao. Mimi sina simu nyumbani, kwa hiyo nilimpigia kutoka mkahawani kwa Deolinda, saa ambayo wanaume wote wako pale wanacheza karata.

Adérito huongea kwenye simu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mkahawa mzima ukamsikia. Nikamweleza kwa sauti ndogo. Akajibu kwa sauti kubwa:

"Umempanulia pua, umempanulia na njia ya nyuma, halafu chakula ni kilekile. Kwa nini asizimie?"

Karata zikawekwa mezani. Hawakutaka kupitwa.

Akaeleza. Ndani ya kabureta kuna jeti, kijipande cha shaba chenye tundu ambalo petroli hupitia. Ukiongeza hewa, uongeze na petroli, kwa hiyo unaweka jeti yenye tundu kubwa zaidi, hatua kwa hatua, na kila mara unachomoa plagi uangalie rangi. Ikiwa kama kahawa ya maziwa, umepatia. Nyeusi, petroli imezidi. Nyeupe, injini inaungua ndani kwa ndani, simama hapohapo ulipo. Nikamuuliza jeti ziko wapi. Karakanani, zimefungiwa. Ufunguo uko wapi. Baharini, mfukoni mwake.

"Rudisha vya zamani, ndugu yangu," akasema. "Ndiyo dawa. Ekzosi ya mzee Armindo unayo, si ndiyo?"

Nikamwambia ninayo. Ningesema nini mbele ya watu wale?

Jumatatu, 10 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa mkono wenye masizi.

Jeti si ngumu. Kama huna yenye tundu kubwa, unapanua tundu la ile uliyonayo. Nilichukua sindano ya kudarizi ya Mama na tupa ndogo, nikakaa kizingitini, nikazungusha taratibu. Shaba ni laini. Nikachungulia juani. Tundu zuri, la mviringo. Huenda lilizidi kidogo.

Nikapiga kiki. Ikawaka kwa shida, ikabubujika, ikatoa moshi mweusi mzito kama tanuru la mkaa. Nikavuta mafuta ili isafike koo. Upepo ukageuka.

Nyuma yangu, kwenye kamba, vilikuwa vitambaa vya altare. Mama huvifua na kuvipiga pasi kila mwaka kwa ajili ya misa ya mlimani. Kitani cheupe, maua ameyadarizi mwenyewe alipokuwa mwari. Nilipogeuka vilikuwa na madoa meusi, kama vile kunguru wamevikanyaga.

Nilikuwa tayari kutukanwa. Mama alikwenda kwenye kamba. Alivianua kimoja kimoja, akaweka maji jikoni, akaanza upya. Nilimwona kupitia dirishani amesimama juu ya karai, akisugua, huku akipumzisha goti moja baada ya jingine. Nilimwomba nimsaidie kusugua. Akasema hapana, Belmiro, wewe pumzika.

Afadhali angenitukana.

Zulmira ametukana kwa niaba ya familia nzima.

Jumanne, 11 Agosti

Tundu likizidi, unalipunguza. Tone la risasi ya kuchomelea, kisha unalitoboa upya. Nimelitoboa kwa sindano nyembamba kuliko ya jana. Kisha nikafuata sikio.

Na leo imeimba. Nasema imeimba. Sauti nyembamba, kali, inapanda haraka ukigusa tu mafuta. Nimeizungusha uwanjani na barabara ya kinu. Inavuta kuliko siku zote. Moshi hakuna. Nikachomoa plagi, nikaikuta nyeupe pe, kama jino la mtoto.

Nakumbuka alichosema Adérito kuhusu nyeupe. Lakini Adérito alikuwa anaongea akiwa na chupa mkononi, na mimi ndiye niliyekuwepo na injini. Kitu kikiwa cheupe ni kisafi. Baada ya mambo ya jana nimechoka na weusi.

Alhamisi, 13 Agosti

Leo nimeambiwa jambo ambalo ningepaswa kulijua mwenyewe.

Tulikuwa tunamenya viazi. Nikamwambia Zulmira kwamba mama yake hajaisifu pikipiki hata kidogo, wiki nzima. Zulmira akaweka kisu chini.

Akasema walipokuwa watoto, Baba alikuwa akirudi jioni kutoka kwenye machimbo ya mawe. Pikipiki yake ilianza kusikika kwenye kona ya kinu, mbali, duf, duf, duf, nzito na ya polepole, kwa sababu ya viraka vile. Hakuna nyingine iliyolia hivyo. Mama alikuwa akiisikia anavua aproni, anachana nywele, anatoka mlangoni. Siku moja mwamba ulianguka machimboni, watu wawili wakafa, habari zikafika kijijini bila majina. Mama akakaa pale mlangoni, hakulia wala hakuongea na mtu, mpaka aliposikia duf, duf, duf. Hapo ndipo akaanguka chini.

"Baba kafa," Zulmira akasema. "Picha yake ni moja, na kafumba macho. Kilichobaki ni ile sauti, mara moja kwa mwaka. Wewe umeibadilisha kwa sufuria."

Kumbe alijua kuhusu sufuria.

Na akaniambia la pili. Gualter haji na gari kwa ajili ya sikukuu tu. Magoti ya Mama yamekwisha, ngazi za nyumba hii zimemshinda. Mwisho wa mwezi anakwenda kuishi kwa Gualter, Luxembourg. Kupanda kwa Jumamosi ndiko kwa mwisho. Walikuwa wanatafuta wakati mzuri wa kuniambia, kwa sababu wanajua mimi nikiambiwa jambo huanza kulishughulikia.

Nilichukua baiskeli, nikaenda hadi kwa yule mnunuzi wa vyuma. Nikapekua lundo lake mpaka nikakatwa na bati. Mwisho akakumbuka. Ekzosi ile haikufika hata kwake. Fausto aliiona juu ya gari siku ileile, akasimamisha gari barabarani, akaikomboa kwa mikate.

Nikaenda kwa Fausto. Alikuwa peke yake dukani, anapanga mikate. Ekzosi ilikuwa nyuma yake, imelazwa juu ya magunia ya unga, imefutwa vumbi.

"Nilijua utakuja," akasema. Hakuwa anacheka. "Viraka vya mzee nilivitambua. Nikasema siwezi kuacha vikayeyushwe. Ichukue, jirani."

Ilikuwa ni kunyoosha mikono tu. Zilikuwa zimebaki siku mbili, ningeweza kuifunga kwa saa chache. Nilimtazama Fausto na aproni yake safi. Nikaona jinsi kijiji kitakavyosimulia: Belmiro aliitupa, Fausto akaiokota.

Nikamwambia nimekuja kununua mkate.

Akachukua karatasi. Kisha akaniuliza wa ngano au wa mahindi. Nikasema wa mahindi. Akanifungia miwili.

Nimerudi nyumbani na mikate miwili. Tulikuwa nayo mingine.

Ijumaa, 14 Agosti

Gualter amefika na mkewe. Anatembea kama anayebeba mayai. Akataka kuisikia pikipiki. Nikamwambia iache ipumzike, kesho ina kazi. Nimeifunika shuka mpaka magurudumu.

Mama amepiga pasi skafu yake nyeusi. Amenishika shavu akanishukuru kwa kukubali kumpandisha. Sikupata usingizi wa mchana.

Jumapili, 16 Agosti

Jana sikuweza kuandika.

Asubuhi nilifunua shuka. Gualter akaona ekzosi, akaona chujio, akanitazama. Kisha akamtazama Mama, ambaye tayari alikuwa amevaa, rozari mkononi. Akafunga mdomo. Mama akapanda kwa kusaidiwa na wanawe wote wawili, akanishika kiuno.

Nitasema ukweli. Mpaka kwenye chemchemi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo. Injini ilivuta kama haina mtu nyuma. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu walisogea pembeni, wengine wakapiga makofi. Nikampita Fausto na kigari chake kwenye kona ileile ya mwaka jana. Sikumpungia mkono. Nilitamani, lakini mikono ilikuwa na kazi.

Mama akanigonga bega.

"Polepole hapa, mwanangu. Armindo alikuwa akipunguza hapa nitazame bonde."

Nilimsikia. Nikawaza: tukifika juu atalitazama bonde lote kwa nafasi. Nikavuta mafuta mpaka mwisho.

Sauti ikazidi kuwa nyembamba. Kisha kukawa na mlio kama kokoto ndani ya kopo. Kisha harufu. Kisha pikipiki ikakosa nguvu kabisa, ikasimama, na moshi wa bluu ukatuzunguka. Nikapiga kiki. Mguu ukazama bila kukuta chochote, kama unapokanyaga ngazi ambayo haipo.

Kimya. Huko chini bendi ilikuwa inaanza kupiga. Nilisikia matoazi yakipigwa na mtu mwingine, kwa wakati wake sawasawa.

Mama alishuka mwenyewe, polepole, akiegemea bega langu. Akanyoosha skafu. Akakaa juu ya jiwe la kando ya barabara. Nikaanza kumweleza kuhusu hewa na petroli na joto la siku. Aliniacha nimalize.

"Sikukuomba kasi, Belmiro," akasema. "Niliomba kupanda tu."

Nilitazama bonde, kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye. Ni bonde zuri. Mashamba ya ngano yaliyokwisha vunwa, paa za kijiji, kinu. Tulilitazama pamoja kwa muda, na nadhani ule ndio wakati pekee wa siku nzima niliofanya nilichoombwa.

Kigari cha mikate kikafika kikihema. Fausto akateremka. Hakutaja bisi. Akatoa trei kwenye kiti cha mbele, akatandaza gunia safi, akampa Mama mkono. Mama akamuuliza kama kigari kinaweza kuhesabiwa kwenye nadhiri. Fausto akafikiri, akasema kwamba marehemu aliahidi kwa pikipiki, ila Bikira Maria mwenyewe alipanda punda, hivyo haoni kama atakuwa mkali. Mama akacheka. Wakaondoka.

Nilisukuma pikipiki hadi pembeni nikapanda kwa miguu. Nilipofika misa ilikuwa imekwisha na vitambaa vya altare vilikuwa vinakunjwa. Doa moja halikutoka. Mama alikuwa ameniwekea nyama ya mbuzi katikati ya mkate, amefunika kwa leso. Nilikula nyuma ya kanisa.

Jumatano, 19 Agosti

Gualter na mimi tumefungua injini. Yaani mimi nimefungua, yeye ameketi kwenye ndoo kwa ajili ya ngiri. Juu ya pistoni kuna tundu ninaloweza kupitisha kidole gumba. Gualter akapitisha chake, akachungulia upande wa pili, akanikuta mimi.

Nilisubiri anigombeze. Akasema tu kwamba alipokuwa mdogo baba yake alikuwa akimkalisha juu ya tangi la mafuta na kumwachia ashike usukani, na mpaka leo akisikia chuma kikiunguruma polepole mahali popote, hata kazini, huinua kichwa. Kisha akaondoka kwenda kulala.

Jioni Mama ametoka na kiti chake hadi uani. Akaniuliza kama inatengenezeka. Nikasema ndiyo. Akasema hataki tena kwenda popote nayo. Anataka kuisikia tu, ilivyokuwa, kabla hajaondoka. Kama haiwezekani, nisijisumbue.

Nimekwenda kwa Fausto. Safari hii sikununua mkate. Nilisimama mlangoni nikasema, "Naomba ekzosi ya baba mkwe wangu." Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko ekzosi yenyewe. Fausto akaibeba upande mmoja, mimi upande mwingine, ingawa mtu mmoja angetosha.

Ijumaa, 28 Agosti

Adérito alirudi mapema, jua limembabua kama samaki. Alipoona jeti yangu alikaa chini kwanza. Akaniuliza kama risasi ile niliitia kwa kijiko. Lakini alikuwa na pistoni iliyotumika ya saizi ya kawaida na jeti ya asili, na kasha la hewa tukaliziba kwa mpira wa baiskeli. Fausto akashikilia ekzosi, mimi nikakaza nati. Adérito alinikataza kugusa bisibisi ya kabureta. Akaiweka mfukoni mwake kila alipogeuka.

Alasiri Gualter akaomba apige kiki yeye. Tukamkatalia sote. Nikapiga mimi.

Duf. Duf. Duf.

Nzito, ya polepole, na kale kamluzi kidogo katikati, penye kiraka cha tatu. Nilikuwa nimeisikia miaka yote ile na sikuwa nimeisikiliza.

Mama alikuwa ndani, anafunga masanduku. Tulimngoja. Akatoka. Aproni ilikuwa mkononi, na nywele zake, ambazo huwa ndani ya kitambaa, zilikuwa wazi na zimechanwa. Hakututazama sisi. Alitazama barabarani, upande wa kinu, akasimama hivyo.

Zulmira akaanza kulia. Gualter akaushika mshono wake akalia kwa uangalifu. Nikataka kuzima, nikidhani inatosha.

"Iache," Mama akasema.

Tukaiacha. Mpaka petroli ikaisha yenyewe.

Nimelia na mimi. Naandika hivyo ili siku nyingine nisijidanganye.

Jumatatu, 31 Agosti

Wameondoka jana baada ya misa. Mama alikaa mbele, na mkate wa Fausto mapajani. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Zulmira amekaa mlangoni kwenye kiti cha mama yake.

Gualter ameniachia pikipiki. Mama ameahidi kuja Agosti ijayo, magoti yakikubali, kuisikia tena. Kabla ya kupanda gari alinishika mikono yote miwili akaniomba kitu kimoja: niitunze ekzosi ile, nisiibadilishe. Nimemwapia. Na kiapo cha safari hii ninakishika. Haitabadilishwa. Hakuna atakayeigusa.

Kwa nje.

Maana leo nimeinama nikachungulia ndani kwa tochi, kuitunza tu, na nimeona tatizo liko wapi. Mle ndani kuna vibati vinavyozuia moshi, vizee, vimejaa masizi, ndivyo vinavyoifanya ihangaike kupanda. Vikitolewa, bomba litabaki lilelile, viraka vilevile, na litapumua. Mama atalisikia vizuri zaidi. Nitampa mshangao.

Msumeno ninao. Fausto ameniazima, hajauliza wa nini.